Kijani Kisichobanduka

Tairi la lori likiisha barabarani, Mwanza lina ajira ya pili. Linatobolewa, linapitishwa mnyororo au kamba nene, kisha linaning'inizwa ubavuni mwa pantoni au ukutani mwa gati. Kuanzia siku hiyo kazi yake ni moja tu: kupokea pigo, ili bati la chombo na zege la gati visikutane. Mabaharia wa pwani wana jina la zana hiyo, dafrao. Ziwani wengi wanasema matairi, na hakuna anayeuliza matairi gani.

Haupiti muda mrefu kabla tairi hilo halijavaa kijani.

Abiria anayesubiri kivuko cha Kamanga asubuhi, jua likiwa bado halijachoma, anaweza kukiona vizuri akiinama kidogo. Juu, pale maji yasipofika, mpira umepauka na una vumbi. Chini yake kuna mkanda wenye upana wa kiganja, unaolowa kila chombo kinapopita na kukauka kikishakwenda zake. Hapo kijani ni kibichi na laini kama mahameli. Chini zaidi, kwenye mifereji ya kashata, zimeota nyuzi ndefu zinazotandaa wimbi likija na kulala wimbi likirudi. Ukikwangua kwa ukucha, tabaka la juu linatoka bila ubishi. Kilichojificha kwenye nyufa ndicho kinachobaki, na wiki chache baadaye mkanda umerudi pale pale.

Tairi halimuudhi mtu, kwa kuwa hakuna aliyetarajia liwe safi. Ugomvi uko kwenye boti za faiba, zile za kuwavusha wageni kwenda Saanane au za wenye nafasi zao wanaoegesha upande wa Capri Point. Dafrao zao ni maputo meupe ya plastiki yaliyojazwa upepo, na juu ya nyeupe kijani hakina pa kujificha. Mwenye boti anaona aibu. Kijana wa kuosha anapewa brashi, ndoo na maelezo machache, na mara nyingi maelezo hayo ndiyo yanayoharibu plastiki.

Kwanza ieleweke kinachong'ang'ania ni nini. Mwani haukai juu ya kitu kama vumbi linavyokaa juu ya meza. Chembe za kwanza zikishatua, zenyewe na bakteria walioandamana nazo hutoa ute, aina ya sukari inayonata, na ndani ya ute huo jamii nzima hujengwa. Ute unahifadhi maji jua linapowaka, unazuia sabuni isipenye, unakamata na udongo unaopita. Anayesugua juu juu anaondoa paa tu, msingi anauacha.

Plastiki nayo ina udhaifu wake. Maputo hayo ni ya PVC, na PVC kwa asili ni ngumu. Kinachoifanya ibonyee ni vilainishi vilivyochanganywa humo kiwandani. Mwanza iko nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa Ikweta, kando ya ziwa lililo mita 1,134 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo jua lake si la kuchezea. Miaka ikienda, vilainishi hupanda juu ya ngozi ya puto, ngozi inanata, na wapo bakteria na kuvu wanaovila vilainishi hivyo. Hapo rangi haiko tena juu ya plastiki. Imeingia ndani. Tairi limeepuka shida hiyo kwa sababu limejaa masizi, na masizi ndiyo kinga yake dhidi ya jua.

Sasa njoo kwenye dawa za mtaani. Stilwaya ndiyo ya kwanza kushikwa, na ndiyo mbaya kuliko zote: inatoa kijani siku hiyo hiyo, lakini inaacha mikwaruzo isiyohesabika, na kila mkwaruzo ni makao mapya ya mwani. Msasa ni ndugu yake. Petroli na thina zinang'arisha kwa sababu zinayeyusha vile vilainishi. Puto linapendeza kwa muda, halafu linakauka na kupasuka. Jiki inaua mwani, hilo halina ubishi, ila inaila pia ngozi ya plastiki na nyuzi za kamba, na mabaki yake yanaishia majini. Wapo wanaochanganya jiki na siki wakidhani dawa mbili zina nguvu kuliko moja. Mchanganyiko huo unatoa gesi ya klorini, ile ile iliyotumika kuua askari katika Vita Kuu ya Kwanza, na kwenye chumba kidogo cha boti haihitaji kuwa nyingi.

Njia inayofaa haina mbwembwe. Puto linafunguliwa, linapelekwa nchi kavu na kuachwa likauke siku kadhaa, kwa kuwa mwani uliokauka unapoteza mshiko. Kisha siki inapakwa kwa kitambaa na kuachwa nusu saa hivi. Linasuuzwa, ndipo linasuguliwa kwa brashi laini na uji mzito wa magadi. Palipo na doa sugu panarudiwa. Doa likikataa mara ya tatu, basi limeshakuwa sehemu ya plastiki, na aliyebaki na akili anashona soksi ya turubai au ya jinzi kuukuu, analivika puto, anaendelea na safari zake.

Baharini shida ni nyingine kabisa. Chombo cha mbao kule hushambuliwa na funza watobozi na kuvamiwa na viumbe vyenye maganda magumu, ndiyo maana mafundi wa pwani kwa karne nyingi wamepaka matumbo ya mashua kwa chokaa iliyokandwa na shahamu. Ziwani wadudu hao hawapo. Maji baridi yana utelezi tu, ukiondoa kidogo konokono, na kwa hiyo mvuvi wa Kirumba hana historia ndefu ya kupambana na kinachoota chini ya mtumbwi wake. Kuhusu dafrao yenyewe, binadamu wamewahi kutumia vitu vya ajabu kuliko tairi: meli za Japani za kuwinda nyangumi ziliweka mizoga ya nyangumi katikati ya meli mbili zinapofungwa ubavu kwa ubavu, hadi kampuni ya Yokohama ilipotengeneza dafrao kubwa ya mpira wa upepo mwaka 1958.

Lakini swali zito si jinsi ya kukitoa kijani. Ni kwa nini kinarudi upesi hivi.

Mwaka 1960 na 1961 Mwingereza J. F. Talling alilipima Ziwa Victoria kwa makini: mwanga unafika wapi, mwani ni wa aina gani, oksijeni iko kina gani. Vipimo vyake vimekuwa mizani ya kila aliyekuja baadaye. Mtafiti wa Uganda Rose Mugidde alipochapisha matokeo yake mwaka 1993, uzalishaji wa mwani ulikuwa umepanda karibu maradufu, na Robert Hecky akaonyesha mwaka huo huo kwamba ziwa zima lilikuwa limegeuka. Mwani wa zamani, wenye maganda ya kioo, ulikuwa umeachia nafasi bakteria wa kijani-buluu, wale wanaoelea juu kama rangi iliyomwagika kwenye ghuba tulivu. Baadhi yao hutengeneza sumu ya ini. Kutoka maji ya namna hiyo tairi linapata mbegu kila dakika.

Chakula cha mwani ni fosforasi, na jambo hilo halihitaji imani. Mwaka 1973 huko Ontario, Kanada, David Schindler na wenzake waliligawa ziwa dogo linaloitwa Ziwa 226 kwa pazia la plastiki. Pande zote mbili walizitia kaboni na naitrojeni. Upande mmoja tu wakauongezea fosforasi. Huo ukawa kijani, mwingine ukabaki kama ulivyokuwa. Picha iliyopigwa kutoka angani iliwanyamazisha watu wa viwanda vya sabuni kuliko ripoti yoyote.

Hapa kwetu fosforasi inaingia kwa milango mingi. Mto Mirongo unapita katikati ya jiji ukibeba kila kilichotupwa milimani, na mtu yeyote aliyesimama darajani baada ya mvua anajua unabeba nini. Mashamba ya mabondeni yanateremsha udongo. Vyoo vya mitaa iliyopanda juu ya mawe, ambako bomba la majitaka limechelewa kufika, vinavuja kidogo kidogo. Hata hivyo mlango mkubwa kuliko yote uko juu ya vichwa vyetu. Rashid Tamatamah na wenzake, akiwemo Hecky, walipima mvua na vumbi linalotua upande wa Tanzania, na mwaka 2005 wakachapisha hesabu: zaidi ya nusu ya fosforasi inayoingia Ziwa Victoria hushuka kutoka hewani. Ni moshi wa mashamba na mapori yanayochomwa, ni vumbi la ardhi iliyovuliwa nyasi. Kwa ziwa lenye eneo la kilomita za mraba 68,800, ambalo karibu asilimia 80 ya maji yake ni mvua inayolinyeshea moja kwa moja, anga ni mto mkubwa kupita Kagera. Mtu anachoma majani ya shamba lake mbali na ziwa. Sehemu ya majivu inasafiri na kuja kulisha uzi wa kijani kwenye tairi la gati.

Na sabuni? Sabuni nyingi za unga duniani zimewahi kutengenezwa kwa fosfeti, kwa kuwa inalainisha maji na kuinua uchafu. Umoja wa Ulaya uliibana kwenye sabuni za kufulia nyumbani kuanzia katikati ya 2013. Kijana anayepiga magoti kwenye ngazi za mwalo, akisugua puto kwa sabuni yenye fosfeti na kusuuza pale pale, anakiondoa kijani cha leo huku akikipikia cha mwezi ujao.

Ziwa lina wasuguaji wengine pia. Kati ya mawe ya ghuba ya Mwanza wanaishi samaki wadogo ambao wavuvi huwaita mbipi, ndugu wa furu. Baadhi yao, wa jenasi ya Neochromis, wana meno membamba yaliyopangwa kwa kubanana, na kazi ya meno hayo ni kunyoa mwani juu ya jiwe. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, waliofungua kambi Mwanza mwaka 1977, waliandika mengi kuhusu jamaa hawa na kuhusu maangamizi yaliyowapata ndugu zao wa maji ya wazi. Sangara, aliyepandikizwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, aliwala furu wa mamia ya aina. Mbipi waliponea mawe, ambako sangara mkubwa anapata tabu kupenya.

Kijani, hata hivyo, kiliwafuata huko huko. Mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake walionyesha kwamba majike wa samaki hawa huchagua dume kwa rangi. Dume wa Pundamilia nyererei, aliyepewa jina la Mwalimu mwaka 1985, ni mwekundu. Jirani yake Pundamilia pundamilia ni wa buluu. Kwenye maji maangavu jike hakosei. Maji yakijaa mwani, mwanga wa buluu unafyonzwa, rangi zinafifia, na aina mbili zinaanza kuchanganyika hadi mpaka unapotea. Ni ajabu kidogo kwamba kitu kile kile kinachomtia mwenye boti aibu kimevunja ndoa za samaki waliokuwa wakifuata desturi zao kwa maelfu ya miaka.

Msuguaji mwingine yupo, na huyu si rafiki. Ni konokono. Anatambaa juu ya mawe, magugu, ngazi na matairi, akila utando huo huo wa kijani, na konokono wa jenasi ya Biomphalaria ndio wanaobeba vimelea vya kichocho cha tumbo. Kanda ya Ziwa inaujua ugonjwa huu vizuri sana. Kituo cha utafiti wa magonjwa ya binadamu cha NIMR Mwanza kimeushughulikia miaka na miaka. Vimelea vinatoka ndani ya konokono na kuogelea kutafuta ngozi ya mtu, hasa jua likiwa juu, kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Hiyo ndiyo saa ya kuosha boti katika mialo mingi: abiria wa asubuhi wameshaondoka, wa jioni hawajafika, na mwoshaji amesimama maji ya magotini kwa muda wote wa kazi. Anasugua kijani, na wanaokila kijani wako miguuni pake.

Kwa upande wa usalama wa chombo, rangi hiyo haina kesi ya kujibu. MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996, na MV Nyerere ilipopinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018, mazungumzo yalikuwa juu ya watu na mizigo kupita kiasi. Hakuna aliyekufa kwa sababu dafrao ilikuwa chafu. Abiria mwenye dakika moja ya kukagua pantoni na atazame imebeba wangapi na maboya yako wapi. Kitu kimoja tu kinafanya kijani kiwe na uzito wa kiufundi: kinaficha. Chini yake mnyororo unaweza kuwa umeliwa na kutu, tundu la kamba limepanuka, mpira umepasuka hadi kwenye nyaya. Mkaguzi anayejua kazi anakwangua pale mnyororo unapopita, anatazama, basi.

Kuna wanaotaka matairi yote yasuguliwe mpaka yang'ae, hasa kunapotangazwa ugeni. Huko ni kujichosha, na kuna hasara pia. Tairi likikwaruzwa kwa waya linapukutisha mpira majini, na mpira wa tairi una mambo yake. Desemba 2020 watafiti walioongozwa na Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, walitangaza kwamba kemikali inayowekwa kwenye matairi yasipasuke, ikikutana na hewa, hugeuka kuwa sumu iliyokuwa ikiwaua samaki aina ya samoni kila mvua inapoosha barabara. Kama tairi lipo majini tayari, angalau lisisagwe.

Tena likiachwa, lina habari za kutoa. Mwaka 2006 ziwa lilishuka hadi matairi mengi ya magati yakaning'inia hewani, utando wake ukakauka na kubadilika rangi. Mei 2020 maji yalirudi mpaka kiwango cha Mei 1964, kile ambacho wazee wa Ukerewe na Bukoba walikuwa wakikisimulia, na Mei 2024 yakakipita. Mialo ilimezwa, ngazi zikapotea, watu wakahama nyumba. Kila mara mkanda wa kijani ulipanda na maji na kushuka na maji, ukiacha alama ambayo mtu wa gati anaisoma bila kifaa chochote.

Basi hukumu ya mwandishi huyu ni hii. Tairi liachwe na kijani chake, isipokuwa penye mnyororo. Ngazi za gati na mbao za kukanyagia zisuguliwe kila wiki, bila kusubiri mgeni, kwa sababu hapo utelezi huvunja nyonga za mama wenye ndoo za dagaa kichwani. Puto jeupe lisafishwe kwa siki, magadi na subira. Wenye mamlaka ya jiji nao wakumbushwe kwamba kilomita moja ya bomba la majitaka juu ya Mirongo inafanya kazi ambayo brashi zote za Mwanza haziwezi.

Na wewe mwenye boti, Jumamosi hii ukimtuma kijana akaoshe, mwambie aanze mapema, amalize kabla ya saa nne. Avae buti za mpira. Maputo ayatoe nje ya maji kabisa, ayasuguie kwenye majani mbali na ufuko, na maji machafu ayamwage kwenye shina la mti huko huko, yasirudi ziwani.